Jina Lililobaki Kondoa

Kwenye ukuta wa ghala la mazao la kijiji kimoja, juu milimani Kibakwe, kuna mstatili wa chokaa mpya ambao haufanani na ukuta wote uliobaki. Niliupaka mimi, kwa brashi ya kuazima, huku katibu wa kikundi cha wakulima akinishikia ndoo na kuniuliza lile jina la zamani lilikuwa na kosa gani. Nilimjibu kwamba halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu, na mpaka leo nikilikumbuka hasira inanipanda upya, kana kwamba jambo lenyewe limetokea asubuhi hii.

Chini ya chokaa hiyo kuna anwani ya tovuti. Sitaiandika hapa, kwa sababu sasa ina wenyewe wengine, watu wa kubeti, na sina nia ya kuwapelekea wateja.

Tulikuwa kundi la watu kama thelathini wa Dodoma tunaoandika programu za kompyuta na za simu na kuzitoa bure, huku msimbo wake ukiwa wazi ili anayetaka kuusoma, kuurekebisha au kuuchukua asizuiwe na mtu. Programu huria, ndivyo zinavyoitwa. Tulikuwa na tovuti moja iliyobeba kazi za wote, kila mradi na sehemu yake. Wengi katika kundi walikuwa wahadhiri na wanafunzi wa chuo kikuu cha huko Chimwaga, na wachache maofisa waliohamia mjini pamoja na wizara zao. Mimi nina duka la steshenari Chang'ombe, ya hapa hapa Dodoma. Nachapa barua, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na mteja akitoka narudi kwenye programu yangu.

Programu yangu ilikuwa ya mvua. Wakulima wa vijiji vya Kibakwe wana vipimo vya mvua vya plastiki, vimefungwa kwenye miti uani. Asubuhi mtu anasoma kipimo, anaingiza namba kwenye simu, namba inakwenda kwenye tovuti yetu, na vijiji vyote vinaona wapi mvua imetosha kupanda na wapi imedanganya. Anwani ya tovuti niliiweka ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo simu zao zilijua kwenda pale tu. Waliotaka kuona namba kwenye simu nyingine, au kwenye kompyuta ya shule, waliisoma anwani ukutani mwa ghala, ilikoandikwa kwa rangi nyekundu. Misimu minne ya namba zao ilipita mlango huo mmoja. Jina likifa, mlango umefungwa, na kuufungua tena ni kupanda milima na kuishika simu moja baada ya nyingine.

Na jina hilo halikuwa la kundi. Lilisajiliwa na mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo ya chuo, mtu wa Kondoa, mpole mpaka unasahau kama yumo chumbani. Alilisajili kwa jina lake na kwa namba yake ya simu kwa sababu siku hizo kundi halikuwa na katiba wala muhuri, na hakuna mwingine aliyejitolea. Kila mwaka siku ya kulilipia upya ili lisife ikikaribia alikuwa ameshalihuisha kabla yeyote hajakumbuka. Seva ilikuwa ya wote, funguo zake tulikuwa nazo watu watatu. Jina peke yake ndilo lililokuwa mikononi mwake.

Aliugua wiki mbili akafariki. Tulikwenda Kondoa kumzika, watu saba kwenye magari mawili.

Wanaume walikaa nje chini ya turubai, mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Nikajikuta nimekaa mkekani ubavuni mwa mama yake mzazi. Sikuwa nimepanga, ni pale tu palipokuwa na nafasi. Nilimshika mkono, naye akauacha mkono wake ndani ya wangu kwa muda mrefu bila kuniuliza mimi ni nani. Kabla jeneza halijatolewa, baba mkubwa wa marehemu alisimama kibarazani akasema kwa sauti iliyofika mpaka ndani.

"Ndugu zangu, kama yupo anayemdai kijana wetu, au yupo aliyeacha amana yake mikononi mwa kijana wetu, asione haya. Aje kwetu sisi familia. Na kama alimkosea mtu, tunamwombea msamaha."

Mimi ni Mkristo, lakini tangazo hilo nalijua. Huku kwetu linatolewa misibani kwa watu wa dini zote, na kila mtu anajua si maneno ya kupamba shughuli. Ni mlango unafunguliwa. Anayeingia wakati ule haonekani mroho, kwa sababu ameitwa. Watu saba wa kundi letu tulilisikia. Sita walikuwa nje, mita chache kutoka kwa mzee yule. Hakuna aliyejitokeza, si siku ile wala kesho yake.

Tukiwa njiani kurudi, nilikuwa wa kwanza kulisema. Nikasema jina la tovuti yetu liko kwa marehemu, na mwisho wake hauko mbali.

"Dada yangu," mwenyekiti akasema bila kugeuza shingo, "hata udongo haujakauka."

Mwenyekiti wetu alikuwa ofisa mwenye cheo, mtu wa suti hata Jumamosi, na alikuwa na namna ya kukufanya ujione huna adabu kwa kusema jambo la maana. Ilipopita arobaini nikalisema tena, kwenye kundi letu la WhatsApp. Akajibu kwamba kumfuata mama aliyefiwa kwa ajili ya nywila si utu. Wengine wakaweka alama za mikono iliyofumbatana. Halafu mmoja, sijui alitumwa au alijituma, akaandika kwamba huenda wakati umefika wa kuwa na jina jipya, lenye hadhi ya makao makuu ya nchi, na kwamba kuliacha lile la zamani ndiyo itakuwa namna yetu ya kumpumzisha mwenzetu.

Kumpumzisha! Marehemu alikuwa amepumzika kwenye kaburi lake, hakuhitaji msaada wetu. Waliotaka kupumzika walikuwa wao, wasiende Kondoa kukaa mbele ya mama wa watu na kusema maneno matatu. Wakaipa aibu yao jina la heshima, wakaipitisha kwa kauli moja.

Vikao vikaanza. Tuliazima darasa Chimwaga, tukakaa kwenye viti vya wanafunzi, watu wazima wenye vitambi wamebanwa na vimeza vya kuandikia. Ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili kusoma muhtasari, ya tatu jina. Mmoja alitaka neno Tanzania liwemo. Mwingine akasema likiwemo litakuwa refu mno kuandikwa kwenye simu. Mwingine akataka neno la Kiingereza ili wafadhili waelewe, akaulizwa wafadhili wepi, akasema watakaokuja. Mhadhiri mmoja akaja na jedwali lenye majina ishirini na tatu na alama kwa kila jina, na jina lililopata alama nyingi kuliko yote lilikuwa la kwake. Kikao kizima kilikwisha tukijadili herufi za baada ya nukta ya mwisho, kama tuchukue mwisho wa mashirika, .or.tz, au ule mfupi wa nchi, .tz, na tukaahirisha kwa sababu akidi ilivunjika watu walipokwenda kunywa chai.

Katikati ya hayo, mtu wetu wa usalama wa mitandao alieleza kwamba yanatakiwa majina mawili. Moja ni la kuwekea msimbo, na jingine ni la kurasa ambazo wenye miradi wanajitengenezea wenyewe, ili mtu akiweka kitu kibaya kwenye ukurasa wake kisizifikie akaunti za wengine. Alisema kweli, na ndilo jambo pekee la maana nililolisikia darasani mle. Matokeo yake ni kwamba tulipata majina mawili ya kugombania badala ya moja. Ikaundwa kamati ndogo.

Kwenye kikao cha nne nilishindwa. Nilisimama, kile kimeza kikanikwaruza goti, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Jina tunalo! Liko Kondoa kwa mama wa watu. Tuliitwa tukaulizwa kama tuna amana yetu, tukaufyata. Sasa tumekaa hapa miezi tunachagua jina kama tunamchagulia mtoto, na mtoto mwenyewe yupo, ana miaka, anatembea, watu wanamjua!"

"Dada, punguza jazba," mwenyekiti akasema. "Hoja yako imesikika."

Imesikika. Wiki iliyofuata muhtasari ukaletwa dukani kwangu, nichape nakala. Niliusoma ukiwa bado na moto wa mashine. Kuhusu hoja yangu uliandika hivi: Mjumbe mmoja alishauri familia ishirikishwe. Suala liliahirishwa. Nilitamani kuupeleka muhtasari ule kwenye mashine ya kukatia karatasi, lakini nikachapa nakala zote, nikazibana, nikazipeleka, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Utaniuliza kwa nini sikwenda mwenyewe. Nilikuwa na jibu, na wakati ule niliona ni jibu zuri sana. Mwanamke, peke yake, anakwenda kwa mama wa kijana aliyekufa bila kuoa, anaulizia kilichobaki kwake. Ukoo mzima ungetaka kujua alikuwa nani kwake. Nilitaka kutumwa. Nilitaka barua ya kundi, wazee wawili wa kunisindikiza, jambo liende kwa utaratibu. Nikakaa Chang'ombe nikingoja utaratibu huku nikiwatukana wenzangu moyoni.

Siku ya jina ikafika, jina likaisha muda wake, tovuti ikafunga. Asubuhi ya pili yake yule katibu wa Kibakwe akanipigia. Ni mtu mzima, sawa na baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njia imezibwa huko? Namba zinagoma kwenda. Leo tumepata mvua nzuri, nimeziandika kwenye gamba la daftari nisizipoteze."

Nikamwambia avumilie, tunalishughulikia. Nikaipigia kampuni iliyotusajilia jina. Binti wa mapokezi alinieleza vizuri kabisa: jina likiisha muda linawekwa kando kwa siku chache tu, na katika siku hizo mwenyewe anaweza kulirudisha kwa akaunti yake na simu yake. Zikipita, linaachiwa, anayelitaka analichukua. Kama mwenyewe amefariki, aje msimamizi wa mirathi na karatasi za mahakama. Akaniambia siku zilizobaki ni chache. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi sikwenda. Wanafunzi walikuwa wanakusanya ripoti zao za mafunzo kwa vitendo, foleni imefika mpaka kwa muuza chipsi, na mimi nikabana ripoti kutwa nzima. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi nikafunga duka, nikapanda basi la asubuhi la Kondoa. Njiani ujumbe ukaingia kutoka kwa mwenyekiti kwenda kwa wote. Kamati ndogo imepitisha majina mawili, bango liko kwa mchapaji, kinachosubiriwa ni mgeni rasmi kuthibitisha tarehe. Nikaizima data, nisije nikaandika maneno ya kunifungisha.

Mama yake alikuwa uani anapeta uwele. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikaanza kuzunguka, pole mama, habari za siku nyingi mama, jinsi tunavyofanya tunapoogopa. Mwishowe nikasema kwamba nilikuwa mmoja wa waliofanya kazi za kompyuta na mwanawe, na kwamba kuna kitu chetu kilibaki kwake.

Hakuuliza kitu gani. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha kanga. Ndani yake mlikuwa na simu ya marehemu, chaja yake, na daftari dogo la shule. Simu ilikuwa inawaka. Ilikuwa imejaa chaji.

"Alinikabidhi akiwa amelazwa," akasema. "Akaniambia, mama, humu mna kitu cha watu, si changu, watakuja kukiuliza, uwape. Sasa mimi naichaji kila siku. Umeme ukikatika naipeleka kwa jirani, ana sola. Nikasema wasije wakapiga wakakuta imezimwa, wakadhani tumewadhulumu."

Miezi mitano. Sisi Chimwaga tunapiga kura juu ya nukta, yeye anabeba simu kwa jirani.

Akanitazama vizuri.

"Wewe si ndiye uliyekaa na mimi siku ile? Uliyenishika mkono?"

"Ndiyo, mama."

"Shemeji yangu aliposimama akauliza habari ya amana, ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama."

Hakusema neno la lawama. Afadhali angesema. Alisema tu kwamba waliuliza tena siku ya arobaini, na tangazo hilo la pili aliliomba yeye, maana alidhani labda wenyewe hawakufika mazikoni.

Nilifungua daftari. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mdogo, umenyooka. Aliandika kila kitu, jina la akaunti, nywila, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kama anayemwandikia mtu asiyewahi kugusa kompyuta. Kwenye simu mlikuwa na ujumbe sita kutoka kwa kampuni ile, wote wa Kiingereza, wote wa kukumbusha. Mama alisema ule wa kwanza alimwonyesha mwalimu wa jirani, mwalimu akasema ni matangazo ya biashara. Nikaingia kwa simu yangu, namba ya uthibitisho ikaja kwenye simu ya marehemu, mama akanisomea tarakimu moja moja, na akaunti ikafunguka. Haikuchukua hata dakika kumi. Siku yoyote katika miezi ile mitano ingechukua dakika kumi.

Orodha ya majina ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja kwamba jina limeachiwa, na tarehe. Ilikuwa Alhamisi, siku niliyokuwa nabana ripoti. Nikalitafuta jina lenyewe, nikakuta wale watu wa kubeti wameshalichukua.

Nilikaa pale na simu mbili mapajani. Nilimkasirikia mwenyekiti na suti yake, nikamkasirikia mhadhiri na jedwali lake, na hasira yote hiyo ikazunguka ikarudi mkekani, mahali nilipokaa siku ile nikiwa nimeshika mkono wa mama huyu, na mdomo wangu umefungwa. Wao walikuwa mita chache kutoka kwa mzee. Mimi nilikuwa ubavuni kabisa.

"Umekipata?" mama akauliza.

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli, mara moja tu, katika jambo hili zima. Nilimtazama usoni. Yale maneno yote niliyoyatukana, utu, heshima, si wakati wake, yalikuwa yamenijaa mdomoni mimi mwenyewe.

"Nimekipata, mama."

"Chote?"

"Chote."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaichukua simu mikononi mwangu, akatafuta kitufe cha ubavuni kwa kidole gumba, akakibana kama alivyofundishwa, akasubiri mpaka kioo kikawa cheusi. Kisha akaikunja ndani ya kanga pamoja na chaja yake.

"Sasa acha ipumzike," akasema.

Akamwita binti yake aliyekuwa jikoni aniletee chakula, kwa sababu nimetoka mbali na nimefuata amana ya watu. Nikanawa mikono nikala.